FKF haianzi Kasarani, inaanza Kitengela

Vijana wa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini, hebu tuambiane ukweli. Kila Harambee Stars ikifungwa, tunatukana FKF kwenye simu mpaka bando inaisha. Kesho yake tunarudi kucheza kwa ploti ya mtu, tukiomba mwenyewe asilete lori la mawe wiki hii. Matusi hayajawahi kujenga timu.

Kwanza, tujue kazi ni ya nani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka viwanja vya michezo mikononi mwa kaunti. Uwanja ukikosekana Noonkopir, mlango wa kugonga ni wa kaunti. Lakini ligi, usajili wa wachezaji, mafunzo ya makocha na marefa, mpira wa wasichana na wa watoto, hiyo ni kazi ya FKF. Tusipojua mpaka huu, kila mtu atatusukuma kwa mwenzake.

Pili, tuache kungoja serikali itutolee viongozi wabaya. Ilijaribu. Novemba 2021 Waziri Amina Mohamed alivunja uongozi wa FKF kwa madai ya matumizi mabaya ya pesa, akaweka kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, kwa sababu haikubali serikali iingilie chama cha mpira. Tukatolewa kwenye mechi za kufuzu AFCON 2023 bila kupiga hata mpira mmoja. Novemba 2022 waziri mpya, Ababu Namwamba, akawarudisha walewale, na marufuku ikaondolewa. Aliyeumia ni nani? Mchezaji.

Kwa hivyo waziri hawezi kuwatoa, na shabiki hana kura. Mwenye kura ni klabu. Klabu za kaunti huchagua viongozi wa tawi, na matawi pamoja na klabu kubwa huenda kuchagua rais. Desemba 2024, Hussein Mohammed na naibu wake McDonald Mariga walichaguliwa na wajumbe wasiofika 100. Nchi nzima inapiga kelele, watu chini ya mia wanaamua! Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 hapa Kitengela. Je, tuna klabu ngapi zenye haki ya kupiga kura kwenye tawi la Kajiado? Kama hujui, kuna mtu anayejua, na anafurahi kwamba wewe hujui.

Kuna watakaosema mambo yamebadilika. Ni kweli, Agosti 2025 Stars walifika robo fainali ya CHAN hapa nyumbani, na mwaka uliotangulia Junior Starlets walicheza Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Alhamdulillah, tulishangilia. Lakini Kasarani ikijaa, kijana wa Isinya bado hajapata ligi. FIFA inaruhusu kila chama kupata hadi dola milioni 8 kati ya 2023 na 2026. Kajiado imefikiwa na kiasi gani? Kuuliza si kutukana. Uongozi ni amana, na amana huulizwa.

Basi tufanye hivi. Timu ya mtaa isiyo na katiba, iandike katiba. Isajiliwe kwa Msajili wa Michezo kama Sheria ya Michezo ya 2013 inavyotaka, kisha iombe uanachama wa tawi. Liandikieni tawi barua, muombe orodha ya klabu na hesabu za pesa. Ulizeni pia kama marefa wetu wamefundishwa kwamba sheria za mpira zimeruhusu hijabu tangu 2014, ili dada yeyote asitolewe uwanjani kwa sababu ya kitambaa. Nakala ya barua ipigwe muhuri, mbaki nayo.

Uchaguzi wa FKF ni kila miaka minne, na 2028 si mbali. Siku hiyo hawatauliza nani alipiga kelele zaidi mtandaoni. Watasoma majina ya klabu. Hakikisheni yenu imo.