Trela Ilale Njiani



Kila mwaka mahindi yakishavunwa hapa Lugari, ofisini petu hakuna neno ila bei. Mkulima akiingia mlangoni, hata kabla ya kuketi, ataniuliza gunia la kilo 90 limefika shilingi ngapi. Hakuna aniulizaye mahindi hayo yatafikaje Eldoret. Mimi ni karani tu, wala si Bwana Shamba, na kabla ya kushika kazi hii nilisomea ualimu. Lakini juu ya safari hii nina neno, nami nalitoa wazi: trekta yenye trela iliyojaa isitembee usiku. Jua likikaribia kuchwa nanyi hamjafika, laleni njiani.

Najua nitakavyojibiwa. Wazee watasema kwamba walipogawiwa mashamba haya ya skimu, miaka ya 1960, watu walibeba mazao kwa mikokoteni ya ng'ombe usiku na mchana na wakarudi salama. Huenda ni kweli. Lakini barabara ya kupita Turbo kwenda Eldoret siku hizi ndiyo njia ya malori makubwa yatokayo Mombasa kwenda Malaba na Uganda, nayo hayalali.

Tufanye hesabu, kama darasani. Trekta yenye mzigo huenda kilomita 20 kwa saa, na mlimani hata 10 haifiki. Lori linalokuja nyuma yake kwa kilomita 80 linaikaribia kwa kilomita 60 kwa saa, yaani kilomita moja kila dakika, au mita zaidi ya 16 kila sekunde. Trela isiyo na taa, yenye vumbi la shamba, gizani dereva ataiona ikiwa labda mita 50 mbele yake. Amebakiwa na sekunde 3. Katika sekunde 3 mtu hawezi hata kumaliza kutaja jina lake na la baba yake.

Hesabu hii sikuitoa kitabuni. Mwaka 2019 kaka yangu alikodi trekta kupeleka mahindi yetu. Walitoka alasiri, kwa kuwa kupakia kulichelewa. Tairi la trela likatoboka, jeki ikawa fupi, na saa 1 usiku walikuwa bado kando ya lami, gurudumu moja likiwa juu ya lami yenyewe. Utingo, kijana wa jirani yetu, alikuwa amechutama akikaza nati lori lilipofika. Magunia tuliyakusanya karibu yote. Mguu wa yule kijana haukupona, ulikatwa chini ya goti. Mimi ndimi niliyekuwa nimepiga simu jioni ile nikiwahimiza wafike usiku huohuo, wapate nafasi ya mbele katika foleni ya asubuhi.

Kwa hiyo siwezi kuwalaumu madereva peke yao, kama tulivyozoea. Sisi wenye mzigo tunakodi trekta kwa safari moja, bei moja. Dereva akilala njiani, chakula na usiku wake ni hasara yake. Nani atakayelala? Atakaza mwendo gizani, nasi tutamsifu kuwa ni hodari.

Dawa ya kwanza ni kutoka mapema. Pakieni jana yake, ili trekta iondoke kukipambazuka, mwanga ukitosha kuona barabara. Wala msipakie kwa tamaa. Trela ya tani 5 huchukua magunia 55 ya kilo 90, ambayo ni kilo 4,950. Nimeona watu wakiweka 70 na kusema kwamba chuma hakichoki! Kwa trela ya magurudumu mawili, uzito uelekee mbele kidogo. Ukizidi nyuma, trela huinua mkia wa trekta, na magurudumu ya nyuma hukosa nguvu ya kushika barabara.

Trekta ina pedeli mbili za breki, moja ya kila upande, kwa ajili ya kupinda shambani. Barabarani lazima zifungwe pamoja kwa komeo lake. Dereva akikanyaga moja tu huku akienda mbio, trekta huzunguka ghafula na inaweza kupinduka. Na kwa kuwa trela nyingi hazina breki zake zenyewe, mteremko ushukwe kwa gia ileile ambayo ungepandia, wala klachi isikanyagwe katikati ya mteremko. Pini ya kuunganisha iwe na kipini chake cha kuizuia isichomoke, si msumari uliokunjwa. Mtu yeyote asiketi juu ya chuma cha kuunganishia, hata akiwa mtoto wa mwenye trekta.

Baada ya kilomita chache za kwanza simameni. Kamba zitakuwa zimelegea, kwa sababu magunia hushuka. Gusa kitovu cha kila gurudumu kwa nyuma ya kiganja. Kikiwa cha moto kuliko wenzake, beringi inakufa, na afadhali ujue hapo kuliko mlimani.

Saa 11 jioni, ikiwa safari ingali mbali, tafuteni pa kulala, msingoje giza. Naona uwanja wa kituo cha petroli wenye taa na mlinzi unafaa, au boma la mkulima mnayemjua, au karibu na kituo cha polisi. Ombeni ruhusa kwanza, na mlinzi apewe chochote. Trela yote iwe nje ya barabara, mahali tambarare, na kila gurudumu likingwe kwa mawe au kabari mbele na nyuma. Hesabuni magunia jioni mbele ya wote, na tena asubuhi.

Jambo moja nawasihi: msilale chini ya trela. Najua ndipo pasiponyesha. Lakini jiwe likiteleza, mzigo wa tani 5 hauulizi nani yuko chini. Kulaleni pembeni, mkipokezana zamu, na moto wa chai uwe mbali na magunia.

Turubai nalo lina hila yake. Likifungwa kabisa juu ya mahindi usiku wa baridi, asubuhi upande wa ndani huwa na jasho, na magunia ya juu hulowa pasipo mvua. Liinueni kwa miti ili hewa ipite, na jua likitoka lifunueni kidogo. Mahindi huhifadhiwa vyema yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ni uchungu kukausha wiki mbili nyumbani kisha kukataliwa mlangoni kwa sababu ya usiku mmoja.

Mkiharibikiwa barabarani, wekeni pembetatu ya kuonya hatua 100 nyuma ya trela kabla ya kutafuta jeki. Na vile vioo vyekundu vya nyuma vipanguswe kwa kitambaa kila mnaposimama, maana vumbi huvifanya vipofu.

Sasa juu ya malipo. Tunapokodi, tukubaliane bei ya safari, na kando yake bei ya usiku mmoja pamoja na chakula cha dereva na utingo, italipwa ikiwa watalala. Iandikwe karatasini, pande zote mbili zitie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Asiyejua kuandika mkataba wa namna hiyo na aje ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya saa 6. Nitamwandikia, nami sidai kitu.