Vumbi "Lisilo na Madhara": Funzo kwa Wakulima wa Korosho Chiola

Kati ya mwaka 1953 na 1954, na tena kati ya 1963 na 1965, Jeshi la Marekani lilipulizia unga laini wa zinki kadimiamu salfaidi katika jiji la St. Louis ili kupima namna wingu la silaha za maangamizi lingesambaa mjini. Unga huo ulichukuliwa kuwa hauna madhara, na wakazi hawakuelezwa lengo halisi.

Mwaka 1997, jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilieleza kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba kiwango kilichovutwa kiliwadhuru wakazi, ingawa lilishauri utafiti zaidi. Jibu hilo lilikuja zaidi ya miaka 30 baada ya majaribio, na malalamiko hayakwisha, kwa kuwa hakuna aliyeombwa ridhaa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kuzuia Silaha za Kemikali mwaka 1998. Hata hivyo, funzo la St. Louis linagusa pia matumizi ya amani. Chiola na maeneo mengine ya Nachingwea na Ruangwa, wakulima hupulizia mikorosho salfa ya unga kudhibiti ubwiriunga. Salfa si silaha, lakini huwasha macho, ngozi na njia ya hewa, na upepo hautambui mpaka wa shamba.

Kwa hiyo, mpuliziaji anapaswa kuvaa barakoa, miwani na glavu, kusubiri upepo utulie na kuwaarifu majirani mapema. Taarifa ikitangulia vumbi, kila mwananchi hupata nafasi ya kujikinga.