Kimya Si Amani: Somo la Tunisia kwa Wenye Mitaji na kwa Wananchi

Kila mara wananchi wanapodai mageuzi, hutokea mtu wa kuwatisha kwa jina la uchumi. Huwaambia: "Mkiandamana mtawafukuza wawekezaji. Viwanda vitafungwa, watalii watakimbia, na watoto wenu watakosa kazi." Hoja hii si ngeni kwa Mkenya aliyedai vyama vingi mwaka 1990, wala kwa kijana aliyepinga Mswada wa Fedha mwaka 2024. Hatutaijibu kwa kelele, kwa maana ina chembe ya ukweli: mtaji ni mwoga. Lakini yafaa tuulize, je, mtaji humwogopa anayestahili kuogopwa? Twaalika wasomaji wetu waitazame Tunisia.

Kwa muda wa miaka 23, Zine El Abidine Ben Ali aliitawala nchi hiyo kwa mkono wa chuma. Ilikuwa kimya. Magazeti yalisifu, polisi walisikiliza minong'ono, na wageni walistarehe katika hoteli za pwani. Jukwaa la Uchumi Duniani, katika ripoti yake ya 2010 hadi 2011 kuhusu uwezo wa nchi kushindana kiuchumi, liliiweka Tunisia nafasi ya 32 duniani na ya kwanza Afrika. Kwa macho ya mwenye mtaji, hapo palikuwa mahali salama.

Kumbe wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tarehe 17 Desemba 2010, mjini Sidi Bouzid, mchuuzi Mohamed Bouazizi alijitia moto baada ya maafisa wa manispaa kumnyang'anya bidhaa zake. Tarehe 14 Januari 2011 Ben Ali alikuwa amekwisha kuitoroka nchi. Siku tano baadaye, Moody's, shirika la kukadiria uwezo wa nchi kulipa madeni, liliishusha Tunisia daraja kutoka Baa2 hadi Baa3.

Msomaji na apime jambo hilo. Dhalimu alipokuwa kitini, nchi ilihesabiwa kuwa salama. Alipokimbia, ikahesabiwa kuwa ya hatari. Lakini hatari hiyo haikuzaliwa Januari 2011. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kampuni za jamaa za Ben Ali zilikuwa zikijipatia takriban asilimia 21 ya faida yote ya sekta ya kibinafsi. Sheria za leseni na vikwazo kwa wawekezaji wa kigeni vilitumiwa kuwazuia wengine wasiguse biashara ambazo familia hiyo ilizitamani. Mwekezaji mwaminifu alikuwa amekwisha kufukuzwa, naye alifukuzwa kimya kimya, kwa muhuri wa Serikali. Wakenya tunaijua hila hiyo. Miaka ya mwanzo ya 1990, katika kashfa ya Goldenberg, Hazina ilitoa fidia ya mauzo ya nje kwa dhahabu na almasi ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwapo.

Hata hivyo, uaminifu watulazimisha kusema upande wa pili. Maasi ya umma yana gharama. Misri, soko la hisa lilifungwa mwishoni mwa Januari 2011 na halikufunguliwa hadi tarehe 23 Machi. Tunisia, wanasiasa Chokri Belaid na Mohamed Brahmi waliuawa kwa risasi mwaka 2013. Mwaka 2015 magaidi waliwashambulia wageni katika jumba la makumbusho la Bardo na katika ufuo wa Sousse, ambako watu 38 walipoteza maisha, na utalii ukaanguka. Serikali zilibadilishwa mara kwa mara, na vijana wa miji kama Sidi Bouzid wakaendelea kukaa bila kazi. Asiyekiri hayo anawadanganya wafuasi wake.

Lakini tutazame pia kilichoiokoa nchi isizame katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vyama vinne vya raia, yaani vya wafanyakazi, waajiri, watetezi wa haki za binadamu na mawakili, viliwaketisha mahasimu katika meza moja. Januari 2014 Katiba mpya ikapitishwa, na mwaka 2015 vyama hivyo vikatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Waajiri walikuwa mezani pamoja na wafanyakazi, kwa kuwa walitambua kwamba mkataba wa kisiasa ndiyo bima ya biashara zao.

Kisha kimya kikarudi. Tarehe 25 Julai 2021 Rais Kais Saied alilisimamisha Bunge, na wengi waliochoshwa na umaskini wakashangilia. Februari 2022 alilivunja Baraza Kuu la Mahakama, na Juni mwaka huo akawafuta kazi mahakimu 57. Je, mitaji ilimiminika? La hasha. Mapatano ya awali na Shirika la Fedha Duniani ya Oktoba 2022, ya dola bilioni 1.9, hayakukamilishwa. Januari 2023 Moody's iliishusha Tunisia hadi Caa2, ngazi za chini mno kuliko ile ya siku za maasi. Janga la Korona, vita vya Ukraine na madeni ya zamani yalichangia, nasi hatuyafichi. Lakini ni dhahiri kwamba kumnyamazisha hakimu hakukuleta mkate.

Funzo kwa mwenye mtaji ni kwamba asihesabu tu waandamanaji barabarani. Na aulize maswali matatu. Je, hakimu aweza kuishinda Serikali kesi na kesho yake akabaki kazini? Je, mikataba husomwa na umma kabla haijatiwa sahihi? Je, serikali yaweza kubadilishwa bila damu? Penye jibu la "hapana", nyumba imejengwa juu ya mchanga hata kama rangi yake yapendeza.

Funzo kwetu ni zito zaidi. Tarehe 8 Julai 2024, siku chache baada ya Rais kukataa kutia sahihi Mswada wa Fedha, Kenya nayo ilishushwa na Moody's hadi Caa1. Wapo waliowanyoshea vijana kidole. Lakini deni lililoutisha ulimwengu halikukopwa na vijana barabarani. Lilikopwa ofisini, na sehemu yake kwa mikataba iliyofichwa.

Basi wanaharakati na waumini tusikomee kwenye maandamano na maombi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kila kamati ya haki na amani parokiani na kila kikundi mtaani na kitumie haki hiyo: kiombe mikataba kwa barua, kihudhurie vikao vya bajeti ya kaunti, na kisimame na hakimu anapotishwa. Watunisia walimwondoa dhalimu kwa siku 28. Kuilinda mahakama kumekuwa kazi ngumu kuliko hiyo, na kazi hiyo yatungoja nasi.