Mtihani wa Kiingereza Si Kipimo cha Akili



Mtaani kwetu kuna msichana aliyekuja na wazazi wake kutoka Bukavu, nchini Kongo. Anajua Kifaransa, Kiswahili na lugha ya kabila lake. Mama yake alimpeleka katika shule moja ya kibinafsi hapa jijini. Akapewa mtihani wa Kiingereza na wa hesabu, nazo hesabu zilikuwa za maneno, kwa Kiingereza vilevile. Akaanguka yote miwili. Mama akaambiwa amrudishe mtoto akishajua lugha. Huu sasa ni muhula wa pili yuko nyumbani.

Jioni ile alinisimulia swali moja lililomshinda. Alikumbuka nambari zake na neno moja tu ambalo hakulijua. Nikamweleza kwa Kiswahili: shati la shilingi 800 limepunguzwa bei kwa asilimia 15, je, mnunuzi atalipa ngapi? Akajibu 680 kabla sijapata kalamu! Jamani, huyu ni mjinga?

Sisemi mtihani wa lugha ufutwe. Shule inayofundisha kwa Kiingereza lazima ijue mtoto anaanzia wapi. Hata ng'ambo ni hivyo. Mtihani wa TOEFL ulianza mwaka wa 1964 na ule wa IELTS mwaka wa 1989. Yote miwili hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Haipimi hesabu wala sayansi. Sisi Wakenya, ingawa Katiba yetu ya 2010 inasema Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili, mara nyingi tukiomba nafasi huko nje huambiwa tuufanye mmojawapo. Hapo tunanung'unika kweli kweli. Mbona basi tunamfungia mlango mwenzetu?

Wako watakaosema kwamba mwalimu hana wakati wa kumngojea mtoto mmoja. Hilo nakubali, kazi ya mwalimu ni nyingi. Lakini maoni yangu ni haya. Kwanza, hesabu zipimwe kwa lugha anayoifahamu mtoto. Kiswahili kinasomwa katika shule nyingi za Kenya, kwa hivyo mtu wa kumsomea swali hakosi. Pili, alama za Kiingereza zitumiwe kuonyesha msaada anaohitaji, kisha apewe masomo ya ziada. Tatu, apimwe tena baada ya muhula mmoja akiwa darasani, si akiwa nyumbani. Lugha hujifunzwa kwa kuchanganyika na wenzako.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimeanza kupona. Kila jioni namfundisha Kiingereza, naye ananifundisha Kifaransa. Na kusema kweli, mwanafunzi anayechelewa kushika ni mimi!