MASTAA NA NDINGA ZILIZOLALA CHINI: MNASHUSHA GARI AU MNASHUSHA AKILI?

Mjini siku hizi kumiliki gari la michezo haitoshi. Lazima lishushwe. Lilale chini mpaka tairi zizame ndani ya bodi, ndo watu waseme fulani kafika.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, alitupia picha za ndinga yake mpya iliyolazwa barabarani kama zulia. Mashabiki wakamwaga makopa, wakamwaga moto, "baba lao", "hatari sana". Sawa. Ila ukiivuta ile picha ukaangalia tairi za mbele, upande wa ndani umeliwa mpaka unakaribia waya. Upande wa nje bado una meno mapya kabisa. Hapo hamna staili, wadau. Hapo kuna ajali inayosubiri siku yake.

Tuliweke wazi kwanza: kushusha gari si dhambi. Magari mengi ya mbio yako chini, na sababu ipo. Uzito ukikaa chini, gari halilali sana kwenye kona na tairi zinashika lami vizuri. Dhambi ni kushusha halafu usipime. Kimo cha gari na alaimenti ni kazi moja, siyo mbili. Ukigusa kimo umeshagusa kila kitu kilichounganishwa na tairi.

Chukua Toyota 86, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, pacha wake Subaru BRZ. Injini yake imelala kwa makusudi ili uzito uwe chini. Kiwandani wameshaumiza vichwa. Sasa wewe unaishusha tena kwa sentimita 4 au 5 kwa sababu umeona picha. Kinachotokea ni hiki: mikono ya chini inayoshika tairi inapinda kuelekea juu, tairi zinalala kwa ndani, na vyuma vya usukani vinabadili pembe. Zile tairi zilizokuwa zinatazama mbele kama askari wa gwaride, sasa zinaanza kutazamana au kupishana. Na kichekesho chenyewe: gari la mbele ya aina hii ukilishusha kupita kiasi linaweza kulala kwenye kona kuliko lilivyotoka kiwandani. Yaani umelipa hela ili gari liwe bovu!

Wengi wanadhani kinachomaliza tairi ni ule mlalo peke yake, mafundi wanauita kemba. Mlalo unachangia, ila muuaji mkubwa ni mwelekeo. Piga hesabu. Tairi la 225/45 la inchi 17 lina kipenyo cha sentimita 63 hivi. Likikosea mwelekeo kwa milimita 3 tu kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma, kila kilomita moja linakuwa limeburuzwa kiubavu karibu mita 5. Toka Dar mpaka Morogoro, kilomita 190 hivi, hizo ni kama mita 900 za kusugua lami. Tairi gani litapona hapo? Halafu mtu anaposti analalamika kauziwa tairi feki.

Lawama nyingine anatupiwa fundi wa mtaani. "Hawa wanapima kwa kamba, washamba." Acheni ujuaji. Kupima kwa kamba ni njia halali kabisa, hata timu za mbio huko duniani zinafunga kamba pembeni ya gari na kupima kwa rula. Tatizo si kamba. Tatizo ni kupima kwenye kiwanja kilichoinama, upepo wa tairi haulingani, na bosi mwenyewe kakaa pembeni anapiga kelele "fasta bana, nina shoo saa mbili".

Kazi ikifanywa kwa utaratibu inakwenda hivi. Upepo wa tairi kwanza, zote ziwe sawa na maelekezo. Gari likae sehemu iliyo sawa kweli. Bushi na boljointi zikaguliwe, maana ukipima gari lenye bushi zilizokufa umepima hewa. Mafuta yawepo, na wenye kujali wanaweka hata uzito wa dereva kwenye kiti chake. Baada ya hapo ndo kimo: pima toka katikati ya tairi mpaka ukingo wa bodi juu yake, kona zote nne, kushoto kulingane na kulia. Gari likishushwa kwenye jeki lisipimwe hapohapo, lisukumwe mbele na nyuma likae vizuri, la sivyo vipimo vinadanganya.

Kimo kikishakubali, unarekebisha mlalo. Mwelekeo unakuja mwisho, kwa sababu ukigusa kingine chochote baada yake unauharibu. Nyuma kabla ya mbele, usukani umefungwa ukiwa umenyooka. Ukimaliza, taa za mbele nazo zirekebishwe, maana gari lililoshushwa nyuma zaidi ya mbele linamulika macho ya wenzako. Ukija kubadilisha kimo tena mwezi ujao, rudi mwanzo. Hamna njia ya mkato.

Sasa wapambe watasema, gari lake, hela yake, wivu tu. Gari ni lake, kweli. Barabara je? Mvua ikinyesha, tairi linalogusa lami kwa ukanda mwembamba wa ndani halina cha kushika akikanyaga breki. Anayekuja mbele yake ni bodaboda na abiria wake, au mama na mtoto wanavuka pundamilia. Hao hawakuomba staili ya mtu.

Na kuna dogo wa Mbagala au Tandika ana Altezza ya kuungaunga. Hana hela ya shokapu za kurekebisha kimo. Kaona picha ya staa, kaenda kukata springi kwa grenda. Springi iliyokatwa, tairi likining'inia kwenye shimo au tuta, inaweza kuchomoka kwenye kiti chake. Shokapu nazo zinagonga mwisho kila siku mpaka zinakufa. Yule dogo hakufundishwa na fundi, kafundishwa na picha. Staa anaweza kununua tairi mpya kila mwezi. Dogo ataendesha hizohizo mpaka zipasuke.

Hapo ndipo mastaa mnapokosea. Mnajua mna wafuasi wanaoiga mpaka kamba za viatu vyenu, halafu mnawaonyesha gari lililolala bila kuwaonyesha kazi iliyo chini yake. Ushamba wa kweli ni huo, kumiliki gari la michezo lisiloweza hata kunyooka barabarani ukiachia usukani kidogo.

Basi mkitupia picha ya ndinga iliyolala, tupieni na karatasi ya vipimo vya alaimenti. Kama haipo, pandisheni gari hilo.

Haya mdau, wewe upo upande gani? Na tairi zako za mbele umezikagua upande wa ndani lini? Funguka hapo chini, matusi hapana.