Buti la Mpagazi Si Hisani

Hapa Mugeta, wilayani Bunda, mchungaji hupita penye mawe na miiba kwa katambuga za tairi, ilhali anaswaga mbele yake utajiri wa ngozi. Kinaya hicho si cha Mara peke yake. Katika Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, mgeni hupanda kwa mabuti aliyoyachagua kwa makini. Mpagazi wake, mwenye mzigo unaoweza kufikia kilo 20, mara nyingi huvaa alichokipata mitumbani.

Kuchagua buti la mlimani ni elimu, si anasa. Ngozi iwe nzito na yenye mishono michache, maana kila mshono ni mlango wa maji. Shingo ya buti ivuke kifundo cha mguu, na soli iwe na meno ya kung'ata udongo. Lijaribiwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, kwa soksi nzito. Vidole vikigusa mbele, kucha zitaumia wakati wa kushuka. Kisha livaliwe majuma kadhaa kabla ya safari, kwani ngozi mpya huchubua.

Mpagazi hana nafasi ya uchaguzi huo. Wapo wanaomwazima mavazi bila malipo, nami nawapongeza. Hata hivyo, hisani haiwezi kusimama mahali pa haki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kwa mpagazi, buti ni kifaa cha kinga kama kofia ngumu ilivyo kwa mjenzi.

Makampuni yatajibu kwamba mpagazi ni kibarua wa safari moja. Lakini mguu hauteguki kwa kuangalia mkataba. Langoni mizigo hupimwa kwa mizani. Anayepima mzigo anashindwaje kutazama miguu inayoubeba? Adhabu imwangukie mwenye kampuni, asirudishwe nyumbani mpagazi bila ujira.

Na mabuti hayo yasitoke mbali. Moshi, chini ya mlima huohuo, kuna kiwanda cha viatu vya ngozi cha Karanga. Nasi wa Mara tuna wajibu wetu: tuache kuwapiga ng'ombe chapa za moto ubavuni na kuwachuna ovyo kwa kisu, maana ngozi yenye makovu na matobo haifai kwa buti imara.

Taifa linalojivunia mlima wake lianze kwa kuivisha miguu inayoupanda.