Samweli naye alikaribia kukosea



Leo ni Dominika ya nne ya Kwaresima, Mwaka A, ile Dominika ya Furaha ambayo padri anaruhusiwa kuvaa rangi ya waridi. Somo la kwanza linatoka katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16. Nabii Samweli anatumwa Bethlehemu, nyumbani kwa mzee Yese, kumpaka mafuta mfalme mpya. Anaingia Eliabu, mtoto wa kwanza, mrefu na mwenye umbo la kupendeza. Samweli anajiambia moyoni kwamba mtu amepatikana. Mungu anamkatalia. Wanapita watoto saba, wote wanakataliwa, na ndipo inajulikana kwamba yuko mwingine, mdogo wao, machungani kwenye kondoo. Baba yake mwenyewe hakuona sababu ya kumwita.

Somo hili ninapolisoma hapa Itungi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mawazo yangu huenda kwenye mpira wa miguu. Nami nilipata kuwa Samweli wa uwanjani. Tofauti ni kwamba mimi nilipokutana na Eliabu wangu, nilimmiminia mafuta yote.

Miaka kadhaa iliyopita niliongoza kamati ya kuchagua vijana wa timu ya parokia. Walikuwapo wavulana wawili wa sekondari. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye mbio, na katika michezo ya shule alifunga karibu kila mechi. Mwingine alikuwa mdogo wa mwili, mkimya, anatumia mguu wa kushoto. Wa kwanza nilimsifu mbele ya watu, katika matangazo baada ya Misa. Nilisema Kyela itamwona huyu kwenye televisheni. Wa pili nilimkata jina. Niliandika maneno mawili tu: hana mwili.

Haikupita miezi mingi akaja mtu aliyejiita wakala. Alimwahidi yule mrefu majaribio katika nchi ya mbali, ila akataka fedha za safari na za karatasi. Familia iliuza ng'ombe wawili, ambao walikuwa wamewekwa kwa ajili ya mahari ya kaka yake, na wakakodisha jaruba lao la mpunga kwa misimu miwili. Kijana aliishia Dar es Salaam, katika chumba cha kupanga, akisubiri simu. Wakala hakupatikana tena. Alipata kujaribiwa na timu moja kwa msaada wa jamaa, akaambiwa hatoshi. Baada ya miezi minne alirudi, na kwa karibu mwaka mzima hakukanyaga kanisani.

Nilikwenda kumtembelea baba yake. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea kiti kivulini, akaniletea ndizi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira: "Lakini Baba, wewe ndiye ulisema."

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemtuma auze ng'ombe. Lakini maneno ya padri yakitoka altareni hayapimwi kama maneno ya shabiki kijiweni. Yule mzee aliyachukua kama ahadi.

Ndugu yangu, nimejiuliza sana ni kitu gani kilinidanganya. Macho yangu yalikuwa mazima na mabao yalikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba nilikuwa naona jibu la swali moja, nikalifanya kuwa jibu la swali jingine. Uwanja wa shule ulinijibu kwamba kijana huyu anawazidi wenzake wa leo. Haukunijibu kwamba atawaweza watu wazima wa kesho. Pale shuleni alikuwa na nafasi. Mabeki waliomkaba walikuwa watoto, wengine wamepangwa beki kwa sababu hapakuwa na mtu. Akikosea mpira wa kwanza, alikuwa na muda wa kuukimbilia na kuupata tena. Kwa watu wazima muda huo haupo. Tena kijana aliyekomaa mwili mapema, au kijeba aliyepunguziwa miaka kwenye cheti, hushinda kwa kifua. Wenzake wakishakua, ile tofauti inakwisha, na kama hakujifunza kitu kingine anabaki mikono mitupu.

Mkulima wa Kyela anaelewa jambo hili bila mahubiri. Mpunga ukiwa bado wa kijani, majaruba yote yanapendeza. Ni wakati wa kupepeta ndipo unajua zipi ni punje na yapi ni mapepe. Hakuna mtu mwenye akili anayekopa fedha kwa kuhesabu magunia ya mpunga ambao haujachanua.

Usidhani kosa hili ni letu sisi wa vijijini tu. Marekani wana mpira wao wa kushika mikononi, na vyuo vikuu vyao ndiyo shamba la kuoteshea wachezaji wa kulipwa. Nafasi inayowaumiza vichwa zaidi ni ya yule anayepanga mashambulizi na kurusha mpira. Timu zao zina wataalamu, kamera na vipimo vya kila namna. Hata hivyo, katika uteuzi wa mwaka 2000, Tom Brady aliachwa mpaka nafasi ya 199, wakati warushaji sita walikwisha kuchaguliwa mbele yake. Alikuja kutwaa ubingwa mara saba. Mwaka 2007 aliyechaguliwa wa kwanza kabisa alikuwa mrushaji mwenye mkono wa ajabu, na alidumu misimu mitatu tu katika ligi hiyo. Ikiwa wao na mashine zao wanakosea hivyo, mimi na filimbi yangu shingoni nilipaswa kusema kwa unyenyekevu zaidi.

Hata hapa kwetu tunaye mtu wa kutufundisha. Mbwana Samatta alitoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akakaa huko karibu miaka mitano. Mwaka 2015 aliibeba Mazembe kwa mabao yake hadi ubingwa wa Afrika, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huohuo akaenda Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi mwaka huo alifunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa Villa walipoteza kwa mabao 2-1. Ilipofika Septemba, Villa walikwisha kumtoa kwa mkopo kwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Mtu ni yuleyule na miguu ni ileile. Kila ngazi aliyopanda alipimwa upya, na baada ya Wembley pia alipimwa upya. Tunapomwonyesha kijana picha ya Samatta, tumwonyeshe na ile miaka ya Lubumbashi.

Sasa nirudi kwa yule mdogo niliyemkata. Kosa la kwanza nililiona kwa sababu lilirudi nyumbani likiwa na begi mgongoni. Kosa la pili halikurudi kunidai. Angefika wapi kama angepewa nafasi? Hakuna ajuaye, kwa sababu mlango niliufunga mimi. Hilo ndilo linapaswa kututisha sisi makocha, walimu, wazazi na walezi. Wale tuliowachagua vibaya tunawaona. Wale tuliowaacha vibaya hatuwaoni, na hivyo tunaendelea kujiamini.

Yeye leo anashona na kuziba mitumbwi hapa ufukweni, na kila Jumamosi jioni anawafundisha watoto mpira mchangani. Nilikwenda kumwomba radhi. Alicheka, akasema: "Baba, hata mimi siku ile nilijiona mdogo." Nikamwuliza yeye huwachagua vipi watoto wake. Akaniambia hamkati mtoto kabla hajamwona mechi tatu. Humhamisha nafasi aone kama anafundishika. Na zaidi ya yote humtazama baada ya kunyang'anywa mpira: je, anaufuata, au anasimama kulaumu mwenzake? Nikajiambia kwamba huyu amekuwa Samweli kuliko mimi.

Sisi tuliopita seminari tungepaswa kulijua hili mapema. Darasani kwetu alikuwapo mwanafunzi ambaye wote tulimwita Mhashamu, kwa jinsi alivyokuwa na akili na sauti ya kuimba. Leo ni mganga wa mifugo na baba mwema wa familia. Baadhi yetu tuliofika kwenye daraja la upadre tulikuwa wale wa kupita kwa shida mtihani wa Kilatini. Kanisa linajua udhaifu wa macho ya walezi, ndiyo maana halimpi mtu daraja kwa uhodari wa muhula mmoja. Linamlea miaka mingi, linampeleka parokiani, linamrudisha, linamtazama tena. Na anayeonekana hana wito huo harudishwi nyumbani kama mtu aliyeshindwa maisha. Anakwenda kuutafuta wito wake.

Tazama pia kilichomtokea Daudi baada ya mafuta. Hakukimbilia kiti cha enzi. Maandiko yanatuonyesha kwamba alirudi kwa kondoo wa baba yake, na alianza kutawala akiwa na miaka thelathini. Kupakwa mafuta kulikuwa mwanzo wa malezi marefu. Yule kijana wetu mrefu, sisi tulimpaka mafuta asubuhi na jioni tukamdai taji.

Injili ya leo inatupeleka mbali zaidi. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na papo hapo wanatafuta wa kulaumiwa: yeye au wazazi wake? Yesu anaikataa hukumu hiyo. Na yule kipofu haoni yote kwa mara moja. Kwanza anamtaja Yesu kama mtu fulani, baadaye anamwita nabii, mwishoni anamsujudia kama Bwana. Kuona kwake kunakua. Wanaobaki gizani ni wale waliokuwa na hakika kwamba wanaona.

Basi, mzazi mwenzangu katika imani, mvua hizi zikipungua michezo ya shule itaanza, UMITASHUMTA kwa watoto wa msingi na UMISSETA kwa wa sekondari. Mwanao akifunga mabao, furahi naye na umpikie. Lakini usiuze shamba. Timu inayomtaka mchezaji kwa kweli haianzi kwa kudai fedha za baba yake. Tena kanuni za FIFA zinazuia mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine kimpira, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Anayekuja na haraka, mpeleke kwanza kwa chama cha mpira cha wilaya aulizwe yeye ni nani. Na daftari la shule lisifungwe kwa sababu ya viatu vya mpira.

Nawe mwalimu au kocha, kuchagua ni lazima, kwa kuwa timu ni ya wachezaji kumi na mmoja. Chagua, lakini sema unachokiona tu: leo umecheza vizuri, jifunze mguu wa pili, urudi mwakani. Yale ya miaka kumi ijayo mwachie Mungu. Kabla hujafunga orodha, fanya kama Samweli, aliyekataa kuketi mezani kabla yule wa machungani hajaletwa.

Yule kijana mrefu amerudi kanisani. Huketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Ng'ombe hawakurudi. Jumapili iliyopita nilimwomba asaidie kubeba mabenchi baada ya Misa, akabaki, tukayapanga pamoja bila kuzungumza habari za mpira. Namwomba Mungu anipe siku nyingine ya kuzungumza naye, na safari hii nitaanza kwa kusikiliza.

Nawatakieni Dominika njema na Kwaresima yenye macho mapya.